Wasomaji Wanauliza: Yule chura mwenye viganja vyekundu katokea wapi?

Mwezi huu boksi la meseji limejaa chura. Sababu ni klipu moja ya nusu dakika inayozunguka kwenye magrupu ya Mwanza mpaka Musoma, kachura kadogo keusi kenye madoa ya njano, kamekunja mgongo halafu kamenyanyua viganja na nyayo nyekundu kama kamepakwa rangi ya kucha, na nyuma kuna sauti ya jamaa anasema kiumbe hiki kimetoka ziwani, kimeonekana mwalo wa Kirumba, ukikigusa dakika moja tu umeondoka. Nimechagua maswali machache, yaliyofanana nimeyaunganisha, msinune kama jina lako halipo.

Mama Kulwa, Buzuruga: Mimi nauza dagaa, hiyo klipu ililetwa kwenye grupu letu la kikoba na tangu hapo watoto siwaruhusu kusogea majini hata kuchota. Hivi huyo mdudu yupo kweli au ni mambo ya mitandao?

Mama Kulwa, chura yupo ila hayupo kwetu. Yule ni wa jenasi, yaani kundi la spishi zenye undugu wa karibu, inayoitwa Melanophryniscus, na makazi yake ni Amerika ya Kusini tu: Brazil, Argentina, Uruguay, Paraguay na Bolivia. Spishi zake zinafika kama 30 hivi, na huyo wa kwenye klipu, mweusi mwenye madoa ya njano, wazungu wamempa jina la nyuki bambi kwa sababu ya hizo rangi. Kutoka huko mpaka Kirumba kuna bahari nzima ya Atlantiki na nusu ya Afrika, na chura na maji ya chumvi haviendi kabisa, ngozi yake inapitisha maji kwa hiyo chumvi inamkausha. Hawezi kuogelea kuja Mwanza, na kutoka ziwani ndo kabisa, hata huko kwao sio wa ziwani, anazaliana kwenye vidimbwi vya mvua vinavyokauka baada ya muda mfupi.

Ila usimdharau, ni mnyama wa kuvutia sana. Ana urefu wa sentimita mbili tatu hivi, yaani anakaa vizuri juu ya shilingi mia mbili. Vyura wengi unaowajua wewe wanajificha mchana wanatoka usiku, huyu anatembea mchana kweupe, na nasema anatembea kwa sababu haruki sana, anapiga hatua moja moja taratibu kama mtu asiye na haraka na mtu. Hiyo peke yake ingekupa wasiwasi, mnyama mdogo hivyo anajiamini nini? Sasa ukimsogelea ndo anafanya lile pozi la kwenye klipu. Anakunja mgongo kwenda ndani, kidevu juu, miguu na mikono anaipindua mpaka ule wekundu wa viganja, nyayo na tumbo uonekane, halafu anatulia hivyo hivyo haondoki. Mtu aliyerekodi akasema chura "anajiandaa kurusha sumu". Harushi chochote. Anachofanya ni kumuonyesha ndege au nyoka kwamba mimi nina ladha mbaya usipoteze muda wako, na ndege aliyewahi kujaribu mwenzake akatapika akiona ule wekundu anakumbuka.

Na ile ya kugusa ukafa dakika moja, hapo jamaa amechanganya mafaili. Kuna chura mwingine wa Colombia, Phyllobates terribilis, wa njano kuanzia kichwani mpaka miguuni, huyo sumu yake kweli ni ya kuogopa mno, na watu wa kabila la Emberá walikuwa wanasugua ncha za mishale yao ya kupuliza mgongoni kwake kwa ajili ya kuwinda. Lakini huyo ni familia nyingine kabisa. Hawa wenye viganja vyekundu sumu yao inawalinda wasiliwe, ukiwagusa nawa mikono usijipekeche macho, basi.

Waruhusu watoto wachote maji. Kwenye ziwa letu ogopa kichocho na mamba kabla ya chura.

Baraka, kidato cha nne, Nyegezi: Mwalimu wa bailojia alisema hao vyura hawatengenezi sumu wenyewe, wanaila. Sasa mtu anakulaje sumu halafu hafi?

Mwalimu wako yuko sahihi kwa sehemu kubwa, na swali lako ni zuri kuliko yote ya mwezi huu. Hawa Melanophryniscus wanakula sana sisimizi wadogo pamoja na utitiri wa kwenye majani yaliyooza, yale madudu ambayo bila lenzi huyaoni. Ndani ya hao wadudu kuna kemikali zinaitwa alkaloidi. Chura akishakula, zile alkaloidi hazivunjwi tumboni kama chakula kingine, zinasafirishwa mpaka kwenye vitezi vidogo vidogo vya ngozi na kuhifadhiwa huko, na miongoni mwake kuna ile inaitwa pumiliotoksini. Kadiri anavyozidi kukua na kula ndivyo anavyozidi kujaza stoo. Kwa nini mwenyewe hafi? Hizo sumu zinafanya kazi kwa kushika milango midogo kwenye mishipa ya fahamu na misuli, ile inayopitisha chumvi chumvi za mwili, na kwenye vyura wenye sumu wa jamii mbalimbali imeonekana hiyo milango imebadilika umbo kidogo, sumu inakuja haipati pa kushika. Njia hii wanaitumia pia wale vyura wa mishale wa Colombia na Panama, na wale Mantella wa Madagaska, ambao wote hawana undugu wa karibu. Kila mmoja amefika kwa njia yake.

Ndo maana wale wanaozaliwa na kulelewa kwenye maboksi ya vioo huko Ulaya na Marekani, wanalishwa nyenje na vinzi vya matunda, hawana hizo alkaloidi. Rangi ni ile ile, pozi ni lile lile, mfuko hauna kitu.

Sasa nikuongezee kitu cha mtihani. Chura wetu mkubwa wa kahawia, yule mwenye mabonde mabonde anayekaa chini ya pipa la maji, yeye hahitaji kula sumu ya mtu, anatengeneza mwenyewe. Muangalie nyuma ya macho utaona mafuko mawili yamevimba, ukiyaminya yanatoa kitu cheupe kama maziwa mazito. Humo kuna sumu zinazogusa moyo, zinabadilisha mapigo. Wale wadogo wa Amerika hayo mafuko hawana japo ni familia moja na huyu wetu, Bufonidae. Kwa hiyo ukiniuliza kati ya mrembo wa kwenye klipu na huyu mchafu wa kwako nani aogopwe zaidi na mbwa wa Nyegezi, nitakwambia huyu wa kwako, tena bila kufikiria.

Mzee M., Kisesa: Siku mvua kubwa iliponyesha mbwa wangu alimng'ata chura uani, akaanza kutoa povu na kutikisa kichwa. Jirani akaniambia nimpe maziwa, mwingine akasema mafuta ya kula. Nilimpa vyote viwili. Alipona, ila nataka kujua nilichofanya ni sawa?

Shikamoo mzee. Namshukuru Mungu alipona, ila siku nyingine hayo maziwa kunywa wewe na chai. Mbwa anayetoa povu na kuyumba ukimmiminia kitu kooni kinaweza kuingia kwenye mapafu, na hapo umempa ugonjwa wa pili juu ya wa kwanza.

Sumu imeingilia mdomoni kwa hiyo itoe mdomoni. Fungua bomba au chukua jagi, muinamishe kichwa kiangalie chini, elekeza maji yapite kwenye shavu kutoka pembeni yatokee upande wa pili, sio kuelekea kooni. Fanya hivyo kama dakika tano mpaka kumi, katikati chukua kitambaa kilicholowa sugua ufizi na ulimi maana yale maziwa ya chura yananata kama gundi. Wengi wanaishia hapo, wanatoa povu nusu saa halafu wanatulia. Lakini ukiona ufizi umekuwa mwekundu sana, anayumba kama mlevi, anatetemeka au amedondoka, usingoje kuche, mpeleke kwa daktari wa mifugo haraka maana ule ni moyo unasumbuliwa. Mbwa mdogo hatari inakuwa kubwa zaidi, dozi ni ile ile mwili ni mdogo.

Wasomaji wengine wanne wameuliza kama mtoto akimshika chura anaota chunjua. Hapana. Chunjua inaletwa na kirusi cha binadamu, anaambukizwa na mtoto mwenzake. Anawe mikono kwa sabuni, na asiguse macho kabla hajanawa, kwa sababu ile sumu ikiingia jichoni inawasha vibaya.

Doto, Misungwi: Nyie mnasema huku hakuna chura wa rangi, mimi nimemuona kwenye kichuguu tunapochimba udongo wa matofali, mweusi tii anang'aa, ana mistari miwili myekundu ubavuni, na yeye haruki anatembea. Au ndo huyo huyo kaingia?

Doto, wewe umeona kitu cha kweli na maelezo yako yako vizuri kuliko ya yule wa kwenye klipu. Kwa maelezo hayo nadhani ni Phrynomantis bifasciatus, yupo Tanzania na nchi nyingi za mashariki na kusini mwa Afrika, mzaliwa wa hapa hapa. Ngozi yake ni laini inang'aa kama mpira wa tairi jipya, mistari inaweza kuwa myekundu, ya pinki au ya chungwa, na vichuguu anavipenda kwa sababu chakula chake ni mchwa na sisimizi. Wala sio ndugu wa karibu wa wale wa Amerika, ni mambo ya kufanana kazi tu, mwenye sumu anavaa rangi, anatembea taratibu, hana wa kumkimbia.

Na sumu anayo kweli. Ukimshika akakasirika anatoa ute unaowasha ngozi, hasa kama una mchubuko, na watu wa utafiti wanajua usimuweke kwenye chombo kimoja na vyura wengine, utakuta wenzake wamekufa. Kwa hiyo nyie wachimba udongo ambao mikono muda wote ina vidonda, mkimkuta msogezeni kwa koleo aende zake. Kama umepiga picha tutumie, tutaichapa.

Mwanachuo, Malimbe: Kijiweni kwetu ubishi ulikuwa mkali, mmoja anasema vyura wa Kihansi ndo hao hao wenye sumu, mwingine anasema serikali ilitumia hela kibao kuwapeleka vyura Marekani kwa ndege wakati watu hawana maji. Tupe ukweli.

Mbishi wa kwanza amekosea, wa pili amepatia nusu.

Chura wa Kihansi ni Nectophrynoides asperginis. Familia ni hiyo hiyo Bufonidae, tuseme binamu, lakini jenasi ni tofauti na hajulikani kwa sumu kali. Ni wa njano, hafiki hata sentimita tatu, na ana maajabu yake, hatagi mayai majini, anazaa watoto kamili wadogo kuliko punje ya mchele. Aligunduliwa mwaka 1996 kwenye maporomoko ya mto Kihansi, milima ya Udzungwa, na duniani kote alikuwa anaishi hapo tu, kwenye kieneo kidogo kinacholoweshwa na mvuke wa maporomoko. Tatizo ni kwamba wakati anagunduliwa mradi wa umeme ulishaanza kujengwa. Kituo kilipoanza kazi karibu na mwaka 2000, megawati 180, maji mengi yakaelekezwa kwenye mitambo na ule mvuke ukakata. Wakafunga mabomba ya kunyunyizia ili kuiga maporomoko, na vyura karibu 500 wakapelekwa Marekani, bustani ya wanyama ya Bronx Zoo ya New York ndo iliyoanza kuwalea, baadaye na ile ya Toledo huko huko Marekani. Huku nyumbani mwaka 2003 idadi ikaporomoka ghafla na waliokufa wakakutwa na ugonjwa wa fangasi wa ngozi. Mwaka 2009 wakatangazwa wametoweka porini. Kuanzia 2012 wakaanza kurudishwa Kihansi, kazi ambayo mpaka leo sio rahisi.

Sasa kwa kuwa mmeanza ubishi wenyewe ngoja niongeze kuni. Kusini mwa Brazil, jimbo la Rio Grande do Sul, kuna mmoja wa hawa wenye viganja vyekundu anaitwa Melanophryniscus admirabilis. Mgongo kijani wenye vipele vya njano, viganja na nyayo nyekundu. Alielezwa kisayansi mwaka 2006 na anajulikana sehemu moja tu, kipande kifupi cha mto Forqueta, kwenye miamba yenye vidimbwi. Na hapo hapo palikuwa pamepangwa bwawa dogo la umeme. Umeona linavyofanana? Ila wao chura alijulikana kabla zege halijamwagwa, watafiti wakapiga kelele, na mwaka 2014 mradi ukanyimwa kibali. Chura wa sentimita nne akasimamisha bwawa.

Mimi msimamo wangu, na mnaweza kunipinga: sio kwamba Brazil wanapenda vyura kuliko sisi. Umeme wa Kihansi tuliuhitaji na tunautumia mpaka kesho. Tofauti ni lini mtu alikwenda kuangalia kuna nini pale. Ukiangalia mapema, kubadilisha ramani ni gharama ya karatasi, ukichelewa ndo unaanza kulipia tiketi za ndege za vyura, mabomba ya kunyunyiza, maabara na mishahara miaka ishirini. Hiyo hela mnayolalamikia kijiweni ni ya kuchelewa, chura mwenyewe gharama yake ilikuwa sifuri.

Neema, Musoma: Klipu nyingine kuna chura wa njano anapunga mkono kama anaaga. Ni ya kutengeneza na kompyuta?

Hapana Neema, ni ya kweli. Huyo ni Atelopus zeteki wa Panama. Wanaishi kandokando ya vijito vyenye kelele nyingi, sauti haisikiki vizuri, kwa hiyo dume anapunga mkono kumwambia mwenzake hapa nipo mimi, au kumkaribisha jike. Ngozi yake ina sumu kali, na ndugu zake wa jenasi hiyo wamekutwa na tetrodotoksini, sumu ile ile ya samaki bunju. Watu wa Pwani wanamjua bunju, anayejijaza upepo akawa mpira, asiyejua kumtengeneza akimla hafiki kesho. Panama wamemuweka huyu chura mpaka kwenye tiketi za bahati nasibu, na tarehe 14 Agosti ni siku yake kitaifa. Lakini porini haonekani kwa miaka mingi sasa, ule fangasi niliousema kwenye Kihansi umepita pale na kuwafagia. Hao mnaowaona kwenye klipu mpya wengi ni wa vituo vya kulelea.

Mke wa mtu, Igoma: Mama mkwe kila akimuona chura mlangoni anammwagia chumvi, anasema ametumwa. Mimi roho inaniuma yule chura anavyojinyonganyonga ila siwezi kubishana naye. Nifanyeje?

Dada, hapo umenitega, mama mkwe habishwi kwa makala ya jarida.

Chumvi inamuunguza kwa sababu niliyomwambia Mama Kulwa, ngozi yake ndo mdomo wake wa kunywea maji, ukimwaga chumvi unamkausha akiwa hai. Na akiteseka ndo anatoa ile sumu nyeupe hapo hapo mlangoni, mtoto anayetambaa anaikuta asubuhi. Hilo la mjukuu mwambie, huenda likaingia kuliko la huruma.

Kuhusu nani kamtuma, mtazame jioni anakaa wapi. Anakaa chini ya taa ya nje. Taa inaita wadudu, na nyie wa kandokando ya ziwa mnajua wale wadudu wa ziwani wakija wanavyojaa ukutani asubuhi unafagia beseni zima, chura anakuja kula. Zima hiyo taa saa mbili tatu za usiku au ihamishie mbali na mlango, ziba uwazi chini ya mlango kwa kipande cha mpira, na ukimkuta ameshaingia chukua ufagio na dastipani umsindikize mpaka kwenye migomba. Ukifanya hivyo kabla mama hajaamka hata ubishi hautakuwepo.

Maswali ya mwezi ujao ni kuhusu kenge wanaoingia kwenye mabanda ya kuku. Tuma mapema, na tafadhali andika unakotoka. Wabheja sana.